Euro 31 kwa siku, watu wawili

Kabla hujaanza kumwambia mpenzi wako "twende Ulaya na treni", nikuulize swali moja. Ushawahi kuona taarifa yake ya M-Pesa? Yote, ya miezi sita?

Mimi sikuwa nimeona. Nitafika hapo.

Safari yetu ilikuwa hivi: Amsterdam siku mbili, Berlin nne, Prague tatu, Vienna usiku mmoja, Budapest tatu. Usiku kumi na tatu. Miaka miwili tuliweka hela kwa akaunti moja, mimi na jamaa wangu, tukikataa harusi za watu na nyama choma za Jumapili. Marafiki walituona wachoyo. Sawa tu.

Kazi ngumu kwanza ni viza. Viza moja ya Schengen inakupitisha nchi zote hizo (Uingereza haimo, usijidanganye), na unaiomba kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Kwetu ilikuwa Ujerumani. Ada ni euro 90 kila mtu, na ukinyimwa hurudishiwi. Unahitaji pia bima ya angalau euro 30,000, mahali pa kulala, na ushahidi kwamba utarudi nyumbani. Hapo ndipo nilitoka jasho. Barua ya chuo sina, niliacha mwaka wa pili. Payslip sina, naandika mtandaoni. Nilibeba kandarasi za wateja wangu, risiti za kodi ya KRA na taarifa za benki, nikazipanga kwa tarehe kama mtu anayeenda kortini. Viza ikatoka. Usighushi karatasi hata moja. Mwenye biashara ndogo iliyo wazi ana nafasi kuliko mwenye barua feki ya kazi nono.

Sasa tiketi. Kila mtu atakwambia ununue pasi ya Eurail, ile ya sisi tusioishi Ulaya, na ukiwa na miaka 27 kushuka chini unapata bei ya vijana. Ni nzuri kama unataka kuamka na kuamua njiani. Lakini kwa miji mitano tu, na tarehe unazijua, piga hesabu kwanza. Sisi tulinunua tiketi moja moja mapema, na ikawa rahisi kuliko pasi. Berlin hadi Prague tulilipa euro 19 kila mmoja. Ubaya wake ni kwamba tiketi hiyo ya bei ya chini ni ya treni hiyo hiyo. Ukichelewa, imekwenda na pesa zako.

Ukishazoea SGR yetu, na mbwa wa kunusa mizigo na foleni ya vitambulisho, utashangaa. Berlin Hauptbahnhof unaingia tu kama sokoni, unapanda, treni inaondoka, halafu kondakta anakuja baadaye kuangalia simu yako. Choo cha stesheni ndicho chenye lango! Euro moja, yaani karibu shilingi 150. Subiri cha ndani ya treni, ni bure.

Haya. Berlin kwenda Prague ni kama saa nne na kitu. Ukishapita Dresden, treni inaufuata mto Elbe, majabali upande huu, vijiji vya paa jekundu upande ule. Kaa upande wa kushoto. Jamaa wangu alikuwa amelala, nami nikafungua akaunti kuangalia hela za chakula na matembezi. Zilifaa kuwa euro 420, yaani 60 kwa siku. Zilikuwa 220.

Nilimwamsha. Hakukana. Mdogo wake alikuwa amefungiwa nje ya mtihani kwa sababu ya karo, mama akapiga simu tukiwa Amsterdam, naye akatuma. "Ningekwambia ungesema hapana," akasema. Nikamwambia ningesema ndiyo. Mpaka leo sijui kama nilikuwa nasema ukweli.

Tukiwa tumenuniana hivyo, polisi wawili wakaingia. Wakapita abiria wote, wakasimama kwetu. Mpaka wa Schengen uko wazi, lakini hukaguliwa wakati wowote, na wewe unajua ni nani hukaguliwa. Pasipoti ikae mwilini, si kwa begi. Walipoondoka, yeye akanishika mkono, nami sikuutoa, ila sikuongea hadi Prague.

Kwa hivyo tukabaki na euro 31 kwa siku, watu wawili, siku saba. Inawezekana, na nitakwambia vile. Asubuhi mkate na ndizi za supamaketi. Mchana ndio unakula hotelini, si usiku, kwa maana Prague siku za kazi mikahawa mingi ina chakula cha mchana cha bei nafuu cha wafanyakazi. Maji usinunue: Vienna mfereji unatoa maji yaliyotoka milimani Alps, nasi tulijaza chupa zetu barabarani. Daraja la Charles nenda saa kumi na mbili asubuhi, bure na bila watu. Ukitoa pesa kwa mashine na ikuulize kama ikukate kwa shilingi, kataa, chagua pesa za nchi hiyo. Wacheki wana koruna zao, Hungary wana forinti.

Na tiketi ya tramu ya karatasi, igonge muhuri! Katika mji mmoja nisiotaka kuutaja tulisahau, na faini ikameza chakula cha siku nzima. Siku hiyo tulikula njugu tulizobeba kutoka Gikomba. Hapo ndipo tulicheka mara ya kwanza tangu Dresden.

Budapest usiku wa mwisho tulipanda tramu namba 2, ile inayopita kando ya Danube, tukaenda nayo mwisho, tukarudi nayo. Bunge limewashwa taa zote, dhahabu tupu. Tulikuwa na euro 9. Simu yake ikalia, mama. Akaniangalia, akaiweka kwa spika.

"Mtihani amefanya," mama akasema. "Mko wapi, mbona kuna kelele?"