Utando Hai Juu ya Mbegu

Mwanafunzi akiambiwa kwamba bakteria wanaweza kuchapwa kama wino, wakakauka juu ya karatasi na bado wakabaki hai, huenda akadhani anatolewa hadithi. Wala si hadithi. Mwaka 2007 Michael Flickinger na wenzake huko Marekani walieleza jinsi walivyochanganya bakteria na rangi inayofanana na ile tunayopakia kuta, wakaipaka na kuichapa iwe tabaka nyembamba mno. Waliongeza sukari, nayo iliwakinga bakteria wakati wa kukauka na kuacha vitundu vya kupitishia maji na chakula. Ndani ya kifungo hicho, viumbe hao waliendelea na kazi yao ya kikemia.

Nayasema haya kwa kuwa utando wa namna hiyo umekwisha kuingia mashambani mwetu, ingawa umevaa kanzu ya kikwetu. Mkulima wa soya wa Bungoma hununua pakiti ya Biofix, mbolea hai iliyotokana na utafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Hulowesha mbegu kwa gundi au maji ya sukari, hunyunyiza unga ule mweusi, kisha hukoroga mpaka kila punje ivae koti. Katika koti hilo mna rizobia. Mbegu inapoota huingia mizizini, hujenga vinundu, na kuigeuza naitrojeni ya hewa kuwa chakula cha mmea. Hewa tuivutayo ni naitrojeni kwa asilimia 78. Kwa nini basi mkulima maskini ainunue yote kwa gunia?

Jambo hili si geni duniani. Wajerumani Nobbe na Hiltner walianza kuuza bakteria hao mwaka 1896. Hapa Kenya, watafiti waliwabeba katika matope ya chujio yatokayo viwanda vya sukari, bidhaa ambayo watu wa upande wa Nzoia wanaijua vyema.

Kinachonikera ni namna tunavyokitunza kitu hiki. Nimeona pakiti hizi katika duka moja la pembejeo zimepangwa dirishani, jua la mchana likizichoma, kana kwamba ni misumari. Rizobia hufa kwa joto na kwa jua kali. Hufa pia wakigusana na dawa ya kuua kuvu, na mbegu nyingi za madukani huja zikiwa zimekwisha kupakwa dawa hiyo. Mkulima hufuata maagizo yote, akapanda vijidudu vilivyokufa, kisha akaapa mbele ya majirani kwamba kitu chenyewe ni ulaghai. Nani atamlaumu? Fedha yake imekwenda, na msimu haurudi.

Hapa ndipo elimu ya akina Flickinger inapotuhusu. Kitale ni mji wa mbegu: Kampuni ya Mbegu ya Kenya ilianzishwa huko mwaka 1956, na kituo cha utafiti wa kilimo kipo hapo hapo. Mji uliobobea katika kuivisha mbegu sumu ya kuikinga hauna budi kutafuta koti litakalowahifadhi bakteria hai tangu kiwandani mpaka udongoni. Sidai kwamba koti hilo litaponya kila kitu. Udongo wenye asidi nyingi au uhaba wa fosforasi huwashinda hata rizobia wazima, na maharagwe, ambayo mara nyingi hukuta rizobia wa kienyeji ardhini, huenda yasioneshe tofauti kubwa kama soya.

Walimu wenzangu, vinundu hivi tumevichora ubaoni miaka mingi. Msimu ujao pandeni mistari miwili ya soya katika shamba la shule, mmoja uliopakwa na mwingine mtupu. Mbegu zisiwe na dawa. Zipakwe kivulini na kupandwa siku iyo hiyo. Anzeni na mstari mtupu, maana mikono iliyoshika unga huo huwachukua bakteria na kuharibu jaribio. Soya ikianza kutoa maua, ichimbueni taratibu kwa jembe, msiing'oe, vinundu visije vikabaki ardhini. Kisha wanafunzi wakate kinundu kwa wembe. Kikiwa chekundu ndani mithili ya damu, bakteria wako kazini. Kikiwa cheupe au cha kijani, waulizeni pakiti ilikaa wapi kabla ya kufika shuleni.