Skrini ya kompyuta kwa Masisi na Walikale: Wati kwanza, inchi baadaye

Mwenye kibanda cha uchapaji na fotokopi wa Masisi anayeshuka Goma kununua skrini ya kompyuta ana nafasi moja tu ya kuchagua. Akikosea, kuirudisha dukani ni safari nyingine ya kupitia Sake, na nauli yake inaweza kumeza faida ya siku nyingi.

Dukani macho hukimbilia ukubwa: inchi 22, 24 au 27. Lakini sehemu kubwa ya Masisi na Walikale haina umeme wa gridi. Kazi inafanyika kwa sola, betri na jenereta, na hapo ndipo skrini nzuri ya dukani inapogeuka mzigo kibandani.

Hesabu yake si ngumu. Betri ya asidi ya volti 12 na ampea-saa 100 hubeba wati-saa 1,200, ila haifai kutumiwa zaidi ya nusu kama mwenyewe anataka idumu. Zinabaki 600. Kompyuta ya mkononi inayokula wati 30 kwa saa nane inachukua 240. Skrini ya kisasa ya inchi 24 yenye wati 20 inachukua 160 nyingine, na bado kuna akiba ya kuchaji simu za wateja. Skrini ya wati 45, kwa saa zilezile, inachukua 360. Betri imekwisha, na hapo bado haijahesabiwa sehemu inayopotelea kwenye inveta.

Wanaokunywa umeme zaidi mara nyingi ni skrini zilizotumika, zile za zamani zinazomulikwa kwa taa za mirija badala ya LED. Zina bei ya kuvutia. Ya inchi 22 ya aina hiyo huweza kula wati 40 au zaidi, na taa zake hufifia kadiri miaka inavyopita. Urahisi wa bei unalipwa jioni, betri inapozima katikati ya barua ya mteja.

Lebo ya nyuma, au ile ya adapta, inasema mengi kuliko muuzaji. Volti zikizidishwa na ampea hutoa kiwango cha juu cha wati: volti 12 kwa ampea 2 ni wati 24. Adapta iliyoandikwa volti 100 hadi 240 huvumilia umeme unaopanda na kushuka. Skrini yenye adapta ya nje ya volti 12 ina faida nyingine: inaweza kulishwa kutoka kwenye betri bila inveta, mradi fundi aweke kifaa cha kudhibiti volti, maana betri inayochajiwa hupanda hadi zaidi ya volti 14.

Baada ya wati ndipo inchi ziangaliwe. Skrini pana ya inchi 24 ina upana wa sentimita 53 na kimo cha karibu 30. Kurasa mbili za A4 zinaenea humo kwa ukubwa wake halisi, jambo linalomfaa mchapaji anayenakili hati ya zamani. Ya inchi 27 inapendeza, lakini kama idadi ya nukta ni ileile 1,920 kwa 1,080, herufi huonekana zimekwaruzika.

Aina ya kioo nayo isidharauliwe. Kibandani mteja hukaa kwenye benchi pembeni ya mchapaji, akihakiki jina la mtoto wake herufi kwa herufi. Kioo cha TN hubadilika rangi kikitazamwa kwa upande. Cha IPS hakibadiliki sana. Na tundu la waya lilingane na kompyuta iliyopo, VGA au HDMI.

Garantii? Kwa sasa ni karatasi tu kwa wengi. Tangu waasi wa M23 walipoiteka Goma mwishoni mwa Januari 2025, uwanja wa ndege ulifungwa na benki zikafunga milango. Anayenunua kwa ajili ya Walikale huenda akageukia Kisangani, kwa barabara ya taifa namba 3. Kwa hiyo skrini iwashwe palepale dukani, ioneshe ukurasa mweupe kisha mweusi, nukta zilizokufa zionekane kabla ya pesa kutoka mfukoni.

Kuna jambo moja ambalo lebo haisemi. Tangu Umoja wa Ulaya ulipozuia risasi katika vifaa vya elektroniki mwaka 2006, lehemu inayoshikilia vipande vya ndani ni bati kwa zaidi ya asilimia 95. Mgodi wa Bisie, wilayani Walikale, ulitoa zaidi ya tani 17,000 za bati mwaka 2024, takriban asilimia 6 ya bati la dunia. Kampuni ya Alphamin ilipousimamisha tarehe 13 Machi 2025 kwa sababu ya vita, bei ya bati ilipanda katika soko la London. Kazi ilianza kurejea Aprili, baada ya waasi kuondoka mji wa Walikale.

Bati hilo huondoka likiwa mchanga mzito kwenye mifuko. Likirudi na skrini, boksi lisilazwe chali juu ya pikipiki. Lisimamishwe wima, na sponji ya godoro pande zote mbili.