Kamba haina mukubwa

Kila siku kamyo za shaba zinatoka Lubumbashi, zinapita Kasumbalesa, zinashuka kusini. Safari hii tulifuata njia yao, lakini hatukupeleka muzigo. Tulikwenda kuona watu wanaopanda mawe kwa furaha tu.

Njia ni ndefu, zaidi ya kilomita 2000. Kapiri Mposhi, Lusaka, halafu milima ya Chirundu ambako kamyo zinashuka polepole sawa kinyonga, paka ku daraja la Zambezi. Tukavuka Zimbabwe yote, tukafika Beitbridge ku muto Limpopo. Ku mipaka tulingoja sana. Siku ya sita tukaingia Waterval Boven, muji ambao leo unaitwa Emgwenya, katika jimbo la Mpumalanga, Afrika ya Kusini. Ni muji mudogo uliozaliwa na reli ya kutoka Pretoria kwenda baharini, iliyofunguliwa 1895. Mulima wa pale ulikuwa mukali, hata gari-moshi lilihitaji reli ya meno ili lipande.

Leo wanaopanda ni watu. Sikukuu yao inaitwa Roc Rally. Vijana, wazee, ba mama na watoto wao wanalala katika mahema, na asubuhi wanakwenda ku kuta za mawe. Ndani ya jiwe kumepigwa buloni, sawa zile za dari katika mine ya chini. Kila njia ina namba yake: 12 ni ya anayejifunza, 30 ni ya fundi kabisa.

Lakini si nguvu yao iliyotushangaza. Kabla muguu haujaacha udongo, watu wawili wanasimama uso kwa uso. Anayepanda anakagua mukaba wa mwenzake na chuma kinachoshika kamba. Anayeshika kamba anakagua fundo la anayepanda, analivuta kwa mukono. Tulimwona mutoto wa kike, labda wa miaka kumi, anakagua fundo la muzee mwenye mvi. Muzee alitulia, akangoja. Hakuna aliyesema mutoto hana adabu. Pale, kukagua njo heshima.

Akiwa juu, mupandaji anagonga jiwe kabla ya kulishika. Likilia tupu, analiacha. Ba tata zetu waliofanya kazi chini ya udongo wanajua desturi hiyo: walifanya vile na dari, kwa chuma kirefu.

Kamba yenyewe ni ya nailoni, nyuzi ndani na ganda nje. Mutu akianguka, inavutika kidogo ili isimuvunje mugongo. Maadui wake ni jiwe lenye makali, jua la siku mingi, na asidi. Asidi inakula nyuzi bila kuacha alama: kamba inaonekana nzima, kumbe imekufa. Kwetu Likasi na Kolwezi, neno hili si la michezo.

Tuliwaza vijana wetu. Sheria inakataza shimo la ba creuseurs kupita metre 30, lakini wote tunajua mashimo yanayopita. Wengi wanashuka kwa mikono na miguu, katika vidato vilivyochongwa ku udongo, bila kofia. Wakiwa na kamba, mara mingi ni ile iliyofunga mizigo ku kamyo. Tuseme wazi: kamba haizuii shimo kubomoka. Shimo bila miti ya kushikilia linaua hata mwenye kamba nzuri. Lakini kuna wanaokufa kwa kuteleza tu, sababu hakuna aliyewashika.

Wale wa Emgwenya wana pesa ya vyombo. Sisi mara mingi hatuna. Lakini kukagua mwenzako hakuuzwi. Ba mama, bwana akitoka asubuhi, musimuulize tu ataleta nini. Mumuulize: kamba ililala wapi? Nani anaishika kule juu? Na wewe kijana, mudogo wako akisema fundo lako limelegea, usimukaripie. Lifungue, ulifunge tena.