Usalama Hauna Konji: Siku Moja Katika Visiwa vya Zanzibar



Mwaka mzima ukurasa huu unawaletea habari za kofia, buti, mkanda wa usalama na hewa ya chini ya mgodi. Leo tunazungumza juu ya konji, kwa maana ajali haiulizi kama mtu yuko kazini ao yuko mapumzikoni.

Barabara inayopeleka shaba yetu Kasumbalesa, Zambia na mpaka Dar es Salaam inaweza kupeleka pia mfanyakazi na jamaa yake. Kutoka Dar es Salaam, meli ya abiria inafika Zanzibar kwa saa mbili hivi. Huko mashua za mbao zinapeleka wageni kila siku toka kisiwa mpaka kisiwa. Ni safari nzuri, na mtu aliyechoka kwa kazi anastahili kuiona. Tuifuate pamoja, huku tukiangalia hatari kama tunavyoziangalia kazini.

MBELE YA KUPANDA MASHUA

Kituo cha kwanza ni kisiwa cha Changuu, karibu nusu saa toka Mji Mkongwe. Watoto watafurahia kobe wakubwa sana ambao mbegu yao ilitoka Seychelles. Kuna pia jengo la gereza lililojengwa katika miaka ya 1890, lakini halikufunga wafungwa. Kisiwa kilitumiwa kwa kutenga wasafiri wa meli juu ya woga wa homa ya manjano. Hata leo, anayetoka Congo na kuingia Tanzania sherti awe na karata ya chanjo ya ugonjwa huo. Afya inaanza nyumbani, mbele ya kufunga sanduku.

Kwenye mashua, kila mtu avae jile ya kuelea toka mwanzo mpaka mwisho, na mtoto avae ile ya kimo chake. Jile iliyofungiwa ndani ya sanduku haiokoi mtu. Ukiona watu wamejaa kupita kiasi, shuka, hata kama umekwisha kulipa. Usiku wa tarehe 10 Septemba 2011, meli Spice Islander I ilizama kati ya Unguja na Pemba, ikiwa imejaza watu kupita kipimo, na mamia walikufa. Kwetu pia, tarehe 3 Oktoba 2024, mashua iliyojaa watu ilizama katika ziwa Kivu, karibu kabisa na bandari ya Kituku, Goma. Nchi kavu ilikuwa inaonekana kwa macho.

MASKI NA MRIJA

Karibu na visiwa kuna matumbawe na samaki wa rangi zote. Ili kuwaona, mtu anavaa maski ya kioo na mrija wa kupumulia, analala kifudifudi juu ya maji. Avae shati pia, kwa maana jua linaunguza mgongo bila yeye kusikia, juu ya ubaridi wa maji.

Maski inafunika macho na pua. Iko sababu. Ukishuka mita 1 tu ndani ya maji, masikio yanakandamizwa karibu sawa na kushuka mita 1.000 katika kisima cha mgodi. Wanaoshuka katika kile chumba cha chuma wanajua: unameza mate, ao unafunga pua na kupuliza polepole, masikio yanafunguka. Katika maji fanya hivyo mapema na mara nyingi. Yakiuma, panda. Usishindane na sikio.

Vijana wengine wanafikiri mrija mrefu utawapeleka chini zaidi. Ni uongo wa hatari. Kwa mita 1, maji yanakandamiza kila sentimita mraba ya kifua kwa gramu 100. Kwa sentimita mraba 1.000, hizo ni kilo 100. Hakuna kifua kinachoweza kuinua uzito huo kila pumzi. Tena, katika mrija mrefu unavuta hewa ileile uliyoitoa.

Usishike matumbawe wala kuyakanyaga: yanakata ngozi, nayo yanakufa. Kati yao kuna wanyama weusi wenye miiba kama ya nungu, na samaki anayefanana na jiwe, mwenye sumu katika miiba yake. Akikuchoma, tumbukiza mguu ndani ya maji ya moto ambayo ngozi inaweza kuvumilia, kwa nusu saa ao zaidi, na uende kwa munganga.

KENGELE ISIYOLIA

Sasa tufike kwenye jambo kubwa. Mtu akibana pumzi, kinachomlazimisha kupumua si upungufu wa oksijeni. Ni gazi kaboniki inayojaa katika damu. Hiyo ndiyo kengele ya mwili.

Kijana anayetaka kukaa chini muda mrefu anapumua kwanza haraka haraka, mara kumi, mara ishirini. Anafikiri anaweka akiba ya hewa. Kumbe oksijeni inaongezeka kidogo sana, lakini gazi kaboniki inafukuzwa. Ni kama kukata waya wa kengele. Anazama, anajisikia vizuri, oksijeni inakwisha, na kengele hailii. Mara nyingi anazimia wakati anapanda, akiwa karibu kufika juu. Halii, harushi mikono. Walio katika mashua wanafikiri bado anaangalia samaki. Tena ajali hii inapata hasa wale wanaojua kuogelea.

Mfanyakazi wa chini ya ardhi anaijua hatari hii kwa sura nyingine. Katika galeri iliyoachwa, mawe yenye salfa na miti inayooza vinakula oksijeni. Hewa inaweza kukosa harufu na rangi. Mtu anaingia, anatoa gazi kaboniki yake bila taabu, na mwili haumwambii neno. Miguu inalegea, anaanguka. Mwenzake anakimbia kumwinua, naye anaanguka juu yake. Ndiyo maana kazini tunapima hewa mbele ya kuingia, na hakuna anayeingia peke yake.

Basi chukueni sheria hiyo mpaka baharini:

1. Mmoja anazama, mwingine anabaki juu akimwangalia. Wasizame pamoja.
2. Pumua kawaida. Usipumue haraka haraka mbele ya kuzama.
3. Pumzika juu ya maji mara mbili ya muda uliokaa chini.
4. Hakuna pombe mbele ya kuingia ndani ya maji.
5. Hakuna mashindano ya kubana pumzi. Wazazi, sheria hii ni ya nyumbani pia: katika Tanganyika, katika Mwero, katika Luapula, na hata katika shimo lililojaa maji ya mvua.

FUNGU LA MCHANGA

Mchana mashua zinapumzika kwenye fungu la mchanga linaloitwa Nakupenda. Jina ni tamu, lakini fungu hilo linaonekana wakati maji yanapungua, na yanapojaa linafunikwa. Maziwa yetu hayana desturi hiyo. Bahari inapanda na kushuka mara mbili kila siku, na pale Zanzibar inaweza kufika mita 4. Kwa hiyo muulize nahodha saa ya kurudi, na akiita, mwende mara moja.

MTU AKIZAMA

Mtupie kitu kinachoelea. Usimrukie mikono mitupu. Akitolewa bila pumzi, usimning'inize kichwa chini na usipoteze wakati kwa kumkamua tumbo. Mpe pumzi 5 kinywani, halafu bonyeza kifua mara 30 na pumzi 2, bila kuacha mpaka msaada ufike. Waliojifunza huduma ya kwanza kazini wawafundishe bibi zao na watoto wakubwa mbele ya safari.

Neno la mwisho juu ya lugha. Huko Zanzibar, ukilia « munganga! », watu wanaweza kufikiri unatafuta mtu wa dawa za miti. Sema « daktari » na « hospitali ».

Shirika la Afya la Ulimwengu linahesabu watu karibu 300.000 waliokufa maji katika mwaka 2021. Mfanyakazi anayerudi kila jioni toka chini ya ardhi kwa sababu anafuata sheria, asiache sheria hizo kwenye mlango wa nyumba siku ya konji. Nendeni, furahini, na mrudi wote mlioondoka.