Bidoni ya mawese haikopeshwi kwa esansi

Katika nyumba nyingi za Kasuku, Mikelenge na Alunguli, bidoni moja ya lita 20 inafanya kazi kumi. Leo inachota maji, kesho inabeba mawese, kesho kutwa jirani mwenye pikipiki anaiomba apate fasi ya kutilia esansi. Bidoni inarudi, inasafishwa na sabuni na mchanga, na mama anaijaza tena mawese ya mwezi mzima. Hapo njo hatari inapoingilia, na juu ya hapo tunataka kuzungumza leo na familia za wachimbaji.

Kwa nini wachimbaji? Kwa sababu wao wanakula mawese yaliyokaa siku mingi kuliko watu wengine. Mtu wa mjini ananunua chupa moja sokoni, anaimaliza kwa siku tatu. Lakini baba anayepanda Kailo, Punia au Kampene anabeba bidoni yake pamoja na unga na chumvi, na mafuta yale yanakaa chini ya shitingi, kwa joto, wiki tatu, wiki nne. Nyuma, mama anabaki na bidoni ingine inayopaswa kumfikisha mpaka siku baba atakaporudi na pesa. Mafuta yakiharibika, hakuna mtu wa kuyalipa.

Adui watano

Mawese yana adui watano: maji, hewa, mwangaza, joto na kutu.

Maji kwanza. Mafuta yasiyochemshwa vizuri wakati wa kukamuliwa yanabaki na maji na uchafu wa ngazi. Vitu hivyo vinashuka chini ya bidoni, na pole pole vinavunja mafuta na kuyatolea asidi. Njo ule ukali unaokwaruza koo wakati sombe imeiva. Tena ukali huo unaweza kuanza hata mbele ya kukamua. Ngazi zilizopondeka na kulala siku mingi zinaharibika kwa ndani, kwa sababu tunda lenyewe lina kitu kinachovunja mafuta yake. Moto wa kuchemsha ngazi ndio unakizima. Basi mama anayenunua jumla asione haya kuuliza: ngazi hizi zilikatwa lini, na zilichemshwa lini?

Hewa, mwangaza na joto vinafanya kazi pamoja. Wekundu wa mawese unatoka kwa karotini, kitu ambacho mwili unakigeuza kuwa vitamini A, ile inayolinda macho ya watoto na kuwapa nguvu ya kupigana na magonjwa. Bidoni ikikaa juani siku nzima, karotini inapotea kidogo kidogo, rangi inapauka, na harufu ya mafuta ya zamani inaingia. Bidoni iliyo nusu ina mafuta nusu na hewa nusu, kwa hiyo inaharibika mbio kuliko iliyojaa.

Kutu ni adui wa mwisho. Chuma na shaba zinaharakisha kuharibika kwa mafuta. Pipa lenye kutu ndani, hapana.

Namna ya kuyatunza

Siku ya kununua, tia kijiko kimoja katika sufuria kavu, weka juu ya moto. Yakipasuka-pasuka na kuruka, yana maji. Usiyatupe. Yapashe yote kwa moto mdogo mpaka kelele iishe, epua mbele hayajatoa moshi, yaache yatulie usiku mzima. Asubuhi mimina yale ya juu, acha matope ya chini. Lakini kuyachoma mpaka yawe meupe ni kuua karotini yote. Mtu anayefanya hivyo anabaki na mafuta, vitamini imekwenda na moshi.

Kisha gawanya. Lita 20 katika bidoni moja inayofunguliwa kila siku ni hasara. Afadhali vyombo vidogo vinne vya lita 5, safi, vilivyokauka kabisa, vilivyojazwa mpaka karibu na shingo. Kimoja kinatumika, vitatu vinalala vimefungwa. Viweke fasi ya giza na baridi, mbali na mbabula, na kama chombo kinapitisha mwangaza, kifunike na gunia. Kwenye kambi ya machimbo, shimo fupi chini ya mti, bidoni ikafukiwa nusu yake, linatosha kupunguza joto la mchana.

Usichote na kijiko chenye maji. Usirudishe mafuta yaliyokaangia samaki katika bidoni ya mafuta mapya. Andika tarehe kwenye kipande cha karatasi, ukibandike. Na asubuhi ya baridi, ukikuta mawese yameganda, usiogope. Ni tabia yao, hayajaoza. Weka chupa katika maji ya moto kidogo, yatayeyuka.

Esansi haitoki kwa sabuni

Sasa turudi kwa bidoni ya jirani. Plastiki inakunywa esansi. Unaweza kuosha mara tano, harufu ikapungua, lakini ile iliyoingia ndani ya ukuta wa plastiki inabaki. Maji hayaiwezi. Mafuta yanaiweza, kwa sababu esansi na mafuta vinachanganyika vizuri. Ukitia mawese humo, yanaivuta nje, na watoto wanaila na bugali. Ni vile vile kwa bidoni ya mazuti, ya petroli ya taa, ya asidi ya betri na ya dawa ya mashamba. Bidoni iliyobeba kimojawapo cha hivyo, hata siku moja tu, haibebi tena chakula wala maji ya kunywa.

Tunapendekeza kitu chepesi. Funga kamba nyekundu kwenye mkono wa bidoni ya mawese, na kila mtu wa nyumba ajue kwamba ile haikopeshwi. Kumunyima jirani bidoni kunaleta maneno, tunajua. Maneno yanaisha.

Chupa ya Fanta si ya petroli

Hatari ingine inatembea kinyume: sumu inaingia katika chupa ya chakula. Petroli ya taa inapimwa katika chupa ya Fanta au ya maji, inawekwa chini ya meza, na mtoto wa miaka miwili anayerudi kucheza na kiu anaona kinywaji.

Hapa tuseme jambo moja kwa nguvu, kwa sababu ni desturi ya kwetu. Mtu akinywa sumu, wengi wanakimbilia kumunywesha mawese au maziwa ili atapike. Kwa esansi na petroli, kufanya vile kunaweza kumuua. Inapopanda tena kwenye koo, petroli inateleza na kuingia katika mapafu, na mapafu njo yanayoungua. Usimtapishe. Usimpe mafuta wala maziwa. Futa kinywa, vua nguo zilizolowa, osha ngozi na maji na sabuni, mukalishe wima, umupeleke mbio kwenye kituo cha afya na chupa yenyewe mukononi ili muganga aione. Akikohoa au akipumua mbio-mbio, usingoje hata dakika. Hata akionekana muzima, anapaswa kuangaliwa kwa saa kadhaa.

Kwa familia za dhahabu kuna zebaki. Inatoa mvuke hata bila moto, na mvuke ule hauna harufu. Isilale ndani ya nyumba ya kulala wala karibu na chakula. Inakaa katika chombo kigumu kilichofungwa kabisa, na maji kidogo juu yake, fasi ambayo mtoto hafiki. Na sufuria iliyochomea dhahabu haipikii mtu tena. Mkataba wa dunia wa 2013 juu ya zebaki ulipewa jina la Minamata, mji wa Japani ambako watu wengi walilemaa kwa kula samaki wenye zebaki.

Na kama kijana wa nyumba amerudi kutoka Lubumbashi au Kinshasa na sigara ya umeme, chupa yake ndogo iwekwe pamoja na sumu hizi. Maji yale mara mingi yana nikotini, yananukia kama matunda, na kidogo tu kinaweza kumwangusha mtoto. Yanapita hata kwenye ngozi. Yanaogopa joto, mwangaza na hewa kama mawese, kwa hiyo yanakaa gizani, yamefungwa, juu, tena chini ya kufuli. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, sheria ya 2014 inataka chupa hiyo isipite mililita 10 na iwe na kifuniko ambacho mtoto hawezi kufungua.

Mali ya kwetu

Vitu vingi tunavyotumia Kindu vinatoka mbali, kwa treni kutoka kusini, kwa ndege, au kwa mashua kutoka Ubundu. Mawese ni yetu. Tena elimu ya mchikichi ilipiga hatua kubwa katika nchi hii: kule Yangambi, mwaka 1941, watafiti walionyesha namna unene wa ganda la ngazi unavyorithiwa, na kutoka hapo mashamba ya dunia nzima yalipata michikichi yenye nyama mingi na mafuta mingi.

Ingekuwa haya mali kama hiyo kutufia ndani ya bidoni. Kabla ya safari ijayo ya machimbo, mama na baba wakae pamoja, wachague bidoni moja, waifunge kamba, na wainue juu kila chupa isiyo ya chakula. Kazi hiyo haichukui hata saa moja.