Mkorosho wa Chilangala na Soko la Dunia

Katika makala hii twakusudia kueleza ugumu unaoikabili nchi yetu katika kuingia kwenye mfumo wa biashara ya dunia. Tutautazama kwa mfano wa korosho, kwa kuwa kwa mchungaji wa Chilangala, Newala au Masasi jambo hili si la vitabuni: ada za shule, mabati ya nyumba na hata sadaka hufuata msimu wa korosho.

Tanzania ilikuwa miongoni mwa wanachama waanzilishi wa Shirika la Biashara Duniani tarehe 1 Januari 1995. Lakini kukaribishwa sokoni si sawa na kuwa na nguvu ya kujadili bei. Msimu wa 1973/74 nchi ilivuna zaidi ya tani 140,000 za korosho. Kufikia 1986/87 mavuno yalikuwa chini ya tani 20,000, kutokana na bei ndogo, ugonjwa wa ubwiriunga, na watu kuhamishiwa vijiji vilivyo mbali na mikorosho yao. Viwanda vya kubangua vilivyojengwa kwa mikopo vilikosa korosho, na vingi vikafungwa. Baadaye mikorosho ilihudumiwa upya, ikapuliziwa salfa, na msimu wa 2017/18 mavuno yalizidi tani 300,000. Hata hivyo sehemu kubwa iliuzwa ghafi na kubanguliwa India na Vietnam.

Auzaye ghafi humtegemea abanguaye. Mwaka 2018 wakulima waliikataa bei ya mnadani. Serikali ikaamua kununua kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi likasomba mzigo. Wakulima wengi walingoja malipo kwa miezi. Ilidhihirika kwamba kuikataa bei ndogo kwahitaji fedha, maghala na viwanda.

Udhaifu huo huo umo nyumbani. Mwenye njaa kabla ya mavuno huuza kwa kangomba, akipimiwa kwa kopo, ingawa stakabadhi ghalani zilianzishwa Mtwara tangu 2007. Hakosi akili, hana uwezo wa kungoja.

Nabii Amosi aliwakemea wapunguzao vipimo. Tunapomhubiri, tusiishie kwa mwenye kopo. Tuwahimize Wakristo wetu kusimamia hesabu za vyama vyao vya msingi, na kuweka akiba ya chakula itakayowavusha hadi mnada.