Hifadhi ya Barabara na Mipango ya Kijiji

Barabara ni nini? Wengi hujibu: ni lami. Jibu hilo ni nusu tu. Barabara ni lami pamoja na ardhi ya hifadhi iliyo kandokando yake. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande, kuanzia katikati ya barabara.

Tuitazame Nakapanya, iliyo kwenye barabara kuu itokayo Mtwara kwenda Tunduru na Songea hadi Mbamba Bay. Katika miaka ya 1970, Operesheni Vijiji iliwasogeza wakulima wengi nchini kando ya barabara ili shule, zahanati na maji viwafikie. Mkulima wa namna hiyo hakuivamia barabara. Serikali ndiyo iliyomweka hapo. Mgongano huzaliwa pale Serikali Kuu inapopanua hifadhi, na kijiji kinapogawa viwanja, kila upande ukifuata ramani yake.

Basi kada afanye nini?

Kwanza, ahakikishe mpango wa matumizi ya ardhi ya kijiji unaonyesha mpaka wa hifadhi uliothibitishwa na TANROADS, kabla kiwanja chochote hakijagawiwa.

Pili, mpango huo ujadiliwe na Mkutano Mkuu wa Kijiji, siyo kutangazwa tu.

Tatu, mwananchi aliyekuwa na haki katika mita 7.5 zilizoongezwa aelezwe haki yake ya fidia ardhi hiyo inapotwaliwa.

Nyumba isiyojengwa hifadhini haitabomolewa.